Kukunja Madigadi za Nyuma za Subaru Impreza Ili Tairi Pana Likae Bila Kusugua: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale. Mtu amenunua rimu pana, amepeleka gari kwa fundi, fundi amegonga mdomo wa madigadi (ukingo wa bati unaoingia ndani juu ya tairi) kwa nyundo, rangi imepasuka, na tuta la kwanza akiwa na abiria nyuma, tairi linasugua vilevile.

Nyundo ina lawama yake, lakini kosa kubwa ni kwamba kazi ilianzia katikati. Tairi pana la nyuma linaweza kugusa sehemu nne: mdomo wa madigadi, sikio la bampa pale inapokutana na bodi, laina ya plastiki inayofunika ndani ya tundu la gurudumu, na kwa ndani, shokapu na kikombe cha springi. Ukikunja mdomo kabla hujajua ni wapi panapogusa, unaharibu bati zima kwa kubahatisha.

Mwongozo huu ni wa Impreza ya mwili wa stesheni wagoni, ile ya 2000 hadi 2007 ambayo mafundi huiita GG. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayowasumbua watu zaidi. Ina upana wa mm 1695, ili ibaki chini ya mm 1700 ambazo Japani huzikubali kwa kundi la magari madogo. Saluni ya kizazi hicho hicho, GD, madigadi zake zimetanuliwa. Ndiyo maana rimu iliyokaa vizuri kwenye saluni ya rafiki yako inasugua kwenye stesheni yako, ingawa zote ni Impreza za mwaka mmoja. Mwenye gari jingine anaweza kufuata hatua hizi, lakini vipimo apime vyake.

## Vifaa

Viweke vyote mbele yako kabla ya kulegeza nati ya kwanza. Kazi hii ikisimama katikati, bati linabaki wazi bila rangi.

- Jeki ya gereji, stendi mbili imara na vizuizi vya magurudumu ya mbele. Si mawe, si matofali.
- Spana ya tairi, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza.
- Mashine ya kukunjia madigadi: mkono wa chuma unaofungwa kwenye habu kwa nati za gurudumu, wenye roli la plastiki ngumu mwishoni. Hakikisha bamba lake lina matundu ya 5x100, yaani matano kwenye duara la kipenyo cha mm 100, ndiyo mpangilio wa stadi (boliti za habu zinazoshika gurudumu) za gari hili. Ni kifaa cha kuazima au kukodi.
- Mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali kitakusaidia sana ukikipata.
- Kibano cha springi, au fundi mwenye kibano kizima na mazoea nacho.
- Rula ya chuma, plastisini ya watoto, chaki, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini.
- Msasa namba 180 na 320, brashi ya waya, dawa ya kuondoa grisi.
- Praima ya epoksi, silanti ya maungio ya bodi, rangi ya gari lako, na mpako wa kuzuia kutu wa chini ya gari.
- Kisu kikali cha kukatia plastiki, bisibisi, na bana mpya chache za laina. Za zamani huvunjika.
- Glavu na miwani ya kazi.

## Hatua ya 1: Fanya hesabu kabla ya kununua

Ukienda kutafuta rimu za mitumba, iwe Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam, geuza rimu usome nyuma yake. Utaona maandishi kama 7.5J na ET48. Ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili ni ofseti, yaani uso unaogusa habu umekaa milimita ngapi kutoka katikati ya rimu kuelekea nje. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. ET ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokapu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Nusu ya upana wa tairi ukitoa ET ndiyo nafasi linayochukua upande wa nje. Nusu ya upana ukijumlisha ET ndiyo nafasi linayochukua upande wa ndani.

Tuseme una 205/55R16 (upana mm 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana, rimu ya inchi 16) kwenye rimu ya 6.5J ET53, na unataka 225/50R16 kwenye 7.5J ET48. Tairi la 225 kwenye rimu ya 7.5 hutanuka kidogo, kwa hiyo lihesabu kama mm 230.

- La zamani: nje 102.5 − 53 = mm 49.5, ndani 102.5 + 53 = mm 155.5.
- Jipya: nje 115 − 48 = mm 67; ndani 115 + 48 = mm 163.

Kwa hiyo tairi jipya litasogea nje kwa mm 17.5 na kuingia ndani kwa mm 7.5. Ziandike namba hizi mbili ukutani. Kila kitu kinachofuata kinazitegemea.

Sasa angalia kimo. 205/55R16 ina kipenyo cha karibu mm 632, na 225/50R16 karibu mm 631. Hapo ni salama. Onyo: Impreza inayosukuma magurudumu yote manne haitaki tairi za nyuma zenye kipenyo tofauti na za mbele. Zikitofautiana, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inapata moto na kufa. Ama weka saizi moja kote, ama chagua pana zenye kipenyo kile kile cha zile za mbele. Uchakavu nao uhesabu: tairi mpya nyuma na vipara mbele ni vipenyo viwili.

Jambo la mwisho hapa ni tundu la katikati la rimu. Habu ya Subaru ni mm 56.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji pete ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka na utamlaumu fundi wa balansi bure.

Dalili ya kufaulu: una namba ya nje, namba ya ndani, na kipenyo kinacholingana na cha mbele.

## Hatua ya 2: Pima gurudumu likiwa limepanda hadi mwisho

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama utarudia kazi. Gari likiwa limesimama tupu gereji, nafasi unayoiona kati ya tairi na mdomo si ya kweli. Nafasi ya kweli ni ile inayobaki gari likiwa na watu watatu nyuma, mizigo kwenye buti, na gurudumu moja limeingia shimoni.

Weka gari kwenye sakafu ngumu, tia vizuizi mbele, inua nyuma na kulilaza kwenye stendi. Lisukume kwa mkono. Likicheza, shusha upange upya.

Toa gurudumu. Fungua bano la paipu ya breki kwenye shokapu na waya wa ABS ili visivutwe, kisha achia kiungo cha stabilaiza. Toa shokapu: nati za juu ziko ndani ya buti nyuma ya plastiki za pembeni, na chini kuna boliti mbili kubwa. Springi itolewe kwa kibano, shokapu irudishwe ikiwa tupu, pamoja na mpira wake wa kugotea. Mpira huo usiuache nje, kwa sababu ndio unaoonyesha mwisho halisi wa safari ya gurudumu.

Onyo: springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Kama kibano chako kina nyuzi zilizolika, au hujawahi kuifanya kazi hii, mwachie fundi sehemu hii peke yake. Hakuna aibu, na gharama yake ni ndogo kuliko hospitali.

Sasa funga gurudumu jipya kwa nati zote, weka jeki chini ya habu, na lipandishe taratibu mpaka mpira ugote. Bandika vipande vya plastisini kwenye mdomo wa madigadi, kwenye sikio la bampa, na kwenye shokapu pale tairi linapokaribia. Zungusha gurudumu kwa mkono, lishushe, kisha pima unene wa plastisini iliyobaki kila mahali.

Mdomo wenyewe upime pia. Unaingia ndani milimita ngapi? Upana huo, ukitoa unene wa bati zilizokunjwa, ndio faida yote utakayopata kwa kukunja. Mdomo wa mm 12 utakupa kama mm 9. Ukihitaji mm 15, kukunja peke yake hakutoshi. Itabidi madigadi ivutwe nje, na hiyo ni kazi ya fundi bodi na rangi mpya kabisa. Ni heri ulijue hilo leo, na ubadilishe rimu, kuliko kulijua ukiwa umeshapasua rangi.

Kwa ndani, kati ya tairi na shokapu, usikubali chini ya mm 5. Kama haifiki, spesa nyembamba (bamba linalowekwa kati ya habu na rimu) inaweza kusogeza gurudumu nje, lakini nati lazima zishike stadi kwa kina cha mm 12 au zaidi, yaani karibu mizunguko kumi kwa nyuzi za 12x1.25 za gari hili. Na kila milimita ya spesa unailipa upande wa mdomo.

Dalili ya kufaulu: unaweza kuonyesha kwa kidole mahali hasa panapogusa, na kusema pamekosa milimita ngapi. Fanya pande zote mbili. Magari mengi yamewahi kugongwa, na kushoto na kulia havilingani.

## Hatua ya 3: Chunguza bati kama linakubali kukunjwa

Pitisha sumaku kwenye upinde mzima wa madigadi kwa nje. Mahali inapoachia pana puti, ile dawa ya kujazia mabonde ya bodi. Puti haikunjiki: inapasuka na kubanduka kama ganda la yai. Ukiikuta nene kwenye ukingo, acha mashine, mwite fundi bodi aione kwanza.

Kisha toa laina ya plastiki, osha ndani, uangalie mshono wa mdomo kwa tochi. Mdomo wa nyuma ni bati mbili zilizobanwa kwa spoti za welding, lile la nje na lile la ndani ya tundu la gurudumu, na kati yake kiwanda kimeziba kwa silanti. Magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Dar hupata kutu hapo mapema kwa sababu ya chumvi ya hewani, na yale yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji yanaweza kuwa yamefika nayo. Toboa kidogo kwa ncha ya bisibisi. Bati likikubali kuingia, matengenezo ya kutu yanatangulia.

Onyo kwa upande wa kulia: paipu ya kujazia mafuta inapita ndani ya tundu la gurudumu la kulia, nyuma ya kinga yake ya plastiki. Ifungue uikague. Paipu hizi hupata kutu kwenye Subaru, na yenye tundu hutoa mvuke wa petroli. Ukisikia harufu, hakuna kupuliza moto hapo mpaka ibadilishwe.

## Hatua ya 4: Pasha moto na kunja

Rudisha springi na shokapu mahali pake, kaza kila kitu, na gari libaki kwenye stendi bila gurudumu. Funga mashine kwenye habu kwa nati zote tano, si mbili. Rekebisha mkono wake mpaka roli liguse mdomo kwa chini.

Safisha mdomo vizuri. Chembe moja ya mchanga chini ya roli itaacha shimo linaloonekana nje.

Pasha kipande cha kama sentimita 20, ndani na nje, ukipeperusha mashine bila kutulia mahali pamoja. Unatafuta nyuzi 60 hadi 80. Bila kipimajoto, ni joto ambalo mkono hauwezi kutulia juu yake. Rangi ikiwa baridi ni ngumu na hupasuka. Ikiwa moto kupita kiasi, hulainika na kuchubuka, na ukiona povu umeshapitiliza. Gari lililopigwa rangi mtaani juu ya rangi ya kiwandani ni gumu zaidi kuliko lenye rangi ya kwanza, kwa hiyo hapo mwendo uwe wa polepole maradufu.

Kandamiza roli kidogo tu, kiasi cha kusukuma mdomo si zaidi ya milimita moja au mbili, kisha lipitishe mbele na nyuma kwenye sehemu yote uliyopasha. Pasha tena, kaza nusu mzunguko, pitisha tena. Mkono wako wa pili uwe nje ya madigadi wakati wote, kiganja kikipapasa ukingo. Bati huanza kuvimba kabla jicho halijaona. Ukilisikia linasukumwa nje, legeza, rudi kwa pembe ndogo zaidi.

Mkunjo unatoka mlalo kuelekea juu. Mizunguko ya kwanza ifikishe mdomo nusu ya njia kwenye upinde wote, ndipo uanze kuulaza. Anayekamilisha kipande kimoja hadi mwisho kabla ya kugusa kingine huacha kona kali, na rangi hupasuka hapo hapo.

Kunja pale tu plastisini ilipoonyesha, kwa kawaida sehemu ya juu ya upinde, na upunguze mkunjo taratibu kuelekea kando. Na usikunje zaidi ya milimita ulizokosa. Mdomo ndio unaoipa madigadi ugumu wake.

Mtu atakushauri umalize kwa grenda, ukate mdomo wote. Kataa. Ukiukata unaondoa spoti zinazoshika bati mbili pamoja, na unafungua njia ya maji na vumbi kuingia ndani ya bodi. Anayekata lazima achomelee upya mshono mzima, na kuchomelea karibu na paipu ya mafuta ni hatari ya aina nyingine kabisa. Nyundo nayo huacha mabonde mengi madogo ambayo hayajifichi jua likipiga ubavuni.

Dalili ya kufaulu: simama nyuma ya gari, jicho usawa wa upinde. Mstari wa nje umenyooka kama awali, mdomo umelala kwa ulaini, na rula inaonyesha nafasi uliyoihesabu.

## Hatua ya 5: Ziba siku hiyo hiyo

Hata kama rangi haijapasuka, silanti ya kiwanda ndani ya mshono imepasuka. Huwezi kuiona, lakini bati mbili zimeteleza moja juu ya nyingine, na haiwezekani ibaki nzima. Wengi huishia hatua ya nne, na mwaka mmoja baadaye upinde unatoa malengelenge ya kutu.

Kwangua silanti iliyolegea, piga msasa 180 kisha 320, futa grisi. Popote chuma kinapoonekana paka praima ya epoksi. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake, jaza silanti kwenye mshono wote na uisukume kwa kidole chenye glavu mpaka isibaki mwanya. Kisha rangi, na mwisho mpako wa kuzuia kutu kwa ndani.

Usizibe matundu ya kutolea maji yaliyoko chini ya bodi. Maji yakikosa njia, yatakaa humo humo.

## Hatua ya 6: Sikio la bampa na laina

Pale bampa ya nyuma inapoungana na madigadi, kuna sikio la plastiki na skrubu vinavyoingia ndani ya tundu la gurudumu. Kwenye Impreza hapa ndipo tairi pana hupata mikwaruzo yake mingi, na ni kazi ya dakika chache. Toa skrubu, punguza sikio kwa kisu, funga tena kwa skrubu fupi yenye kichwa bapa iliyosogezwa juu. Bampa ikibaki inacheza, umekata kupita kiasi.

Laina ipashe moto kidogo uisukume ikae karibu na bati, kisha uifunge kwa bana mpya. Usiitupe. Ndiyo inayozuia mawe yasichubue kazi ya hatua ya tano.

## Hatua ya 7: Funga, pima alaimenti, jaribu kwa mzigo

Kaza nati kwa mpangilio wa nyota hadi kama Nm 100, gari likiwa limeshuka chini. Kwa kuwa shokapu imetolewa, peleka gari alaimenti. Magurudumu ya nyuma ya gari hili yanarekebishika tou (jinsi yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu), na ikiachwa imepinda, tairi zako pana zitalika upande mmoja.

Paka chaki mdomo mzima, sikio la bampa na shokapu. Pakia watu wazima wanne na mizigo. Vuka tuta polepole, kisha kwa mwendo wako wa kila siku, kisha mara moja kwa mshazari ili gurudumu moja lipande peke yake. Zunguka raundi abauti pande zote mbili. Rudi ukague chaki.

- Imefutika kwenye mdomo: rudi hatua ya 4, pale pale tu ilipofutika.
- Imefutika kwenye bampa: punguza sikio kidogo zaidi.
- Imefutika kwenye shokapu: acha kuendesha. Ubavu wa tairi unakatwa ndani usikoona. ET ya rimu hiyo haifai bila spesa.
- Hakuna chaki iliyofutika, lakini unasikia mlio: laina imelegea.

Kwa kutazama kutoka juu, kashata za tairi zisitokeze nje ya madigadi. Zikitokeza, zitarusha mawe kwa walio nyuma yako, na polisi wa barabarani ana haki ya kukusimamisha. Iarifu pia kampuni yako ya bima kwamba umebadilisha saizi ya rimu na tairi, na uhifadhi jibu lao kwa maandishi.

Baada ya kilomita 100 kaza nati tena. Baada ya mvua za kwanza, toa laina, angalia mshono kwa tochi. Uzi mwembamba wa rangi ya kahawia kwenye silanti maana yake maji yamepata njia: kwangua kipande hicho peke yake, kaushe kwa mashine ya hewa ya moto, praima, silanti, rangi.